Siku 30 zilizogeuka miaka

Tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilianza Kivu Kaskazini na Ituri ili kukomesha vikundi vyenye silaha. Magavana wa kiraia waliwaachia wanajeshi nafasi, na raia wakaanza kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Amri ya Rais iliruhusu kupekua nyumba usiku na mchana, pia kukataza mikutano na machapisho. Kadiri ya Katiba, ni siku 30, kisha Bunge laweza kuongeza 15. Likaongeza, likaongeza tena, miaka ikapita. Mauaji hayakuisha, kambi za wakimbizi zikajaa.

Ndugu wasikilizaji, mkumbuke kifungu cha 61 cha Katiba: hata wakati huo kutesa mtu ni marufuku, na mshtakiwa ana haki ya kujitetea na kukata rufaa.