Tarehe ya Karatasi za Hudu na Haki ya Wamandinga

Wapo wanaoshikilia kwamba karatasi za maombi za hudu, ule uganga wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ni zao la wauza vitabu wa Chicago. Kwa madai yao, hudu ya asili ilikuwa mizizi, mifupa na udongo wa makaburini. Karatasi iliingia baadaye, pale kile kinachoitwa Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, kilichochapwa Stuttgart mwaka 1849, kilipotoka kwa Kiingereza New York mwaka 1880, kisha L. W. de Laurence wa Chicago akakitia katika posta mpaka kikafika vijijini. Tarehe hii inalikataa dai hilo. Karatasi ilivuka bahari vichwani mwa Wamandinga na jamaa zao wa Senegambia, walioshushwa Marekani wakiwa watumwa, na wauza vitabu waliikuta imekwisha kukaa kitako. Wakongo walileta kifuko na mizizi, na sifa hiyo ni yao. Habari ya maandishi ina wenyewe.

Wamandinga walikuwa watu wa chuo na wino, na sifa yao ya kuandika hirizi ilitanda mbali na kwao, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Katika safari yake ya mwaka 1796, Mskoti Mungo Park alifikia kwa mwenyeji mmoja huko Koulikoro, nchi ya Wabambara. Mwenyeji aliposikia kwamba mgeni ni Mkristo, alileta ubao wa kuandikia, akamwahidi wali wa jioni endapo atamwandikia kinga dhidi ya watu wabaya. Park akaujaza ubao toka juu hadi chini, pande zote mbili. Yule bwana akayaosha maandishi kwa maji kidogo ndani ya kibuyu, akayasomea dua, akayanywa. Kisha, lisije likapotea hata neno moja, akaulamba ubao mpaka ukakauka. Habari zikamfikia mkuu wa mji, naye akamtuma mwanawe na nusu karatasi, aandikiwe ya utajiri, akalipa unga na maziwa. Msomaji wa pwani yetu, aliyekua akiona kombe likiandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ila na atazame jambo moja: mwandishi alikuwa Mkristo, na hilo halikumpunguzia mnywaji imani yake. Nguvu ilikuwa katika andiko lenyewe na namna ya kulitumia. Jambo hilo litatufaa mbele, watakapotuuliza mbona karatasi za hudu zina Zaburi wala hazina Kurani.

Kwamba ufundi huo ulivuka bahari, mahakama za Wareno na Wabrazili zinatosha kutushuhudia. Mwaka 1730 alikamatwa Lisbon mtu aitwaye José Francisco Pereira, mzaliwa wa Ouidah aliyepitia utumwani Brazil, kwa kosa la kutengeneza vifuko vilivyojulikana wazi kwa jina la Wamandinga. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizoandikwa sala za Kikristo na kuchorwa alama. Hapo ni zaidi ya karne nzima kabla ya Stuttgart kuchapa chochote. Na Waislamu wa Salvador, Bahia, walipoinuka usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, polisi walikusanya hirizi za karatasi zenye Kiarabu, zikawekwa kuwa ushahidi. Kwa upande wa Louisiana, mwenye shamba Le Page du Pratz aliandika mwaka 1758 jinsi watumwa walivyong'ang'ania vijidude vyao walivyoviita gri-gri, naye akaviona upuuzi, kama kawaida ya mabwana wa mashamba.

Georgia na Carolina zilikuwa na wasomi wao. Katika kisiwa cha Sapelo aliishi Bilali Muhammad, aliyeacha kurasa 13 za Kiarabu ambazo kwa miaka mingi Wazungu walidhani ni shajara ya mtumwa. Zilipokuja kusomwa zikaonekana zimetokana na Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fikihi ya Kimaliki. Kusini mwa hapo na kaskazini walikuwapo wengine. Aliyetia fora ni Omar ibn Said wa Futa Toro, Mfulani kwa kabila, lakini chuo ni kile kile. Alifikishwa Charleston mwaka 1807, akatoroka, akafungwa jela ya Fayetteville mwaka 1810, na huko akazijaza kuta maandishi ya Kiarabu kwa makaa. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake. Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana kioja hiki hakipaswi kupitwa. Ipo karatasi ya mwaka 1857 kwa hati ya Omar, na nyuma yake mtu ameandika kwa Kiingereza kwamba hii ni Sala ya Bwana. Igeuze usome: ni Sura ya An-Nasr. Waungwana wa North Carolina waliitunza sura ya Kurani wakiiheshimu kama Baba Yetu. Mtu na aseme tena kwamba andiko lazima lieleweke ndipo lithaminiwe.

Wapinzani wana hoja nzito kuliko hiyo ya vitabu. Wanauliza: karatasi ingewezaje kuwa chombo cha uganga kwa watu waliokatazwa kalamu? Ni kweli kwamba South Carolina, baada ya maasi ya Stono ya mwaka 1739, ilitunga sheria mwaka 1740 ya kumtoza faini ya pauni 100 yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Tena wanamtaja Sandy Jenkins, aliyempa mtumwa mwenzake Frederick Douglass mzizi wa kumkinga na bwana mkatili mwaka 1834, kama Douglass mwenyewe alivyoandika kitabuni: mzizi, wanasema, wala si karatasi. Jibu liko ndani ya sheria hiyo hiyo na ndani ya kitabu hicho hicho cha Douglass. Serikali haitozi pauni 100 kwa kitu kisicho na nguvu. Mtumwa aliyeonekana barabarani alidaiwa cheti cha bwana wake, kipande kama tungekiita sisi. Akiwa nacho doria inampisha, akikikosa anachapwa. Huo ulimwengu ulikuwa umemfundisha kila siku kwamba mistari michache iliyoandikwa vizuri humkinga mtu na watu wabaya, yale yale aliyoyaomba mwenyeji wa Park. Mwaka 1836 Douglass aliwaandikia wenzake vyeti vya kughushi ili watoroke. Walipokamatwa na kukokotwa kwenda jela, Henry, mmoja wao, alimwuliza akifanyeje chake; Douglass akamwambia akile pamoja na biskuti yake, na neno likapitishwa kwa wote. Sisemi kwamba Henry alikuwa akinywa kombe. Ninasema kwamba karatasi ndogo, iliyofichwa mwilini, yenye kuokoa au kuua, haikuwa ngeni kwa watumwa, na hawakuhitaji kumngoja mchapishaji wa Kijerumani awaletee.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe inavyofanyiwa kazi. Kasisi wa Kianglikana, Harry Middleton Hyatt, aliwahoji waganga na wateja wao wapatao 1,600, wengi wao kati ya 1936 na 1940, akachapa maelezo 13,458 katika juzuu tano. Mwandishi Zora Neale Hurston alikuwa amemtangulia New Orleans, na kitabu chake cha mwaka 1935 kinaeleza majina yanayoandikwa mara tisa. Aghalabu karatasi ni ya kaki, huchanwa kwa mkono isiguswe na mkasi. Jina la mtu huandikwa mara tatu, saba au tisa. Karatasi hugeuzwa robo, na haja ikaandikwa juu ya jina kwa kulikatiza. Ukitaka kuvuta, unakunja kuelekea kwako. Ukitaka kufukuza, unakunja kuelekea nje. Kisha inakwenda kiatuni, chini ya mshumaa, ndani ya asali, au ikashonewa kitambaani na kuvaliwa. Kwa kesi, majina ya hakimu, mwendesha mashtaka na mashahidi wa upande wa pili hutiwa ndani ya ulimi wa ng'ombe uliopasuliwa, pamoja na pilipili, ukabanwa kwa pini ili ndimi zao zikwame. Zaburi husomwa juu yake, ya 35 dhidi ya adui, ya 91 kwa kinga. Hesabu maalumu, kukunja, kushonea, kuvaa mwilini: hayo ni mazoea ya hirizi ya Senegambia. Kilichobadilika ni hati na kitabu kinachosomwa, na mwenyeji wa Park ametuonyesha kwamba hilo halipunguzi imani.

Mtu atasema Wajerumani wa Pennsylvania nao walivaa barua za mbinguni, na kwamba mwenzao John George Hohman mwaka 1820 aliahidi usalama kwa yeyote atakayebeba kitabu chake. Sawa. Lakini visiwa vya Sapelo na St. Helena, pwani ya Georgia na South Carolina, havikujaa Wajerumani wa Pennsylvania. Vilikuwa na watu wa Gambia na Futa, na jirani hujifunza kwa jirani. Wakiuliza hirizi za zamani ziko wapi, tuwaulize nao nani huweka kumbukumbu ya karatasi iliyokusudiwa kuchomwa, kunywewa au kuozea kiatuni. Brazil zilisalia kwa sababu ya polisi, na Lisbon kwa sababu ya mahakama ya dini.

Wa mwisho kutajwa ni mganga Doctor Buzzard wa St. Helena, jina lake Stepheney Robinson, aliyefariki mwaka 1947. Wazee wa kisiwa husema baba yake aliletwa moja kwa moja kutoka Afrika Magharibi. Alivaa miwani ya rangi mahakamani na kutafuna mzizi mbele ya hakimu, na barua za wenye haja zilimjia toka miji ya mbali zikiwa na hawala za fedha ndani. Inasimuliwa kwamba hawala hizo hakuzipeleka posta kulipwa, kwa kuogopa sheria ya udanganyifu wa barua. Wafanyabiashara wa Chicago na Memphis hawakuwa na hofu hiyo. Waliuza wino, ngozi za kuandikia na mishumaa kwa katalogi, wakatajirika.

Kwa hiyo de Laurence tumpe haki yake: alipanua soko la kazi aliyoikuta. Atakayeiandika tarehe hii baada yetu na aanze na Senegambia, na wachapishaji awaweke mwishoni, mstari mmoja unawatosha.