Msitu Uliotangulia Kwisha

Wageni waendao Amani husimama Sigi, hulipa kiingilio, huipiga picha nyumba ya mkuu wa stesheni iliyojengwa na Wajerumani, kisha huparamia kona za mlima wakiamini kwamba msitu wenyewe uko juu. Sisi Wabondei wa Muheza tuna neno hapo. Msitu wa Usambara Mashariki uliotangulia kwisha ni wa chini, ule ulio pungufu ya mita 850, na nyumba hiyo ndiyo shahidi.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kufyeka sehemu ya misitu ya mlimani wapande kahawa, nayo kahawa ikawaangusha. Huku chini waliona faida mbili: ardhi na mvule. Ardhi ikachukuliwa na mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta mwaka 1893, likaanzia kwenye miche 62 tu iliyosalimika safarini. Kwa ajili ya mbao wakajenga tawi la reli nyembamba, upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni hadi Sigi, likakamilika mwaka 1910. Stesheni ile haikujengwa kwa ajili ya abiria.

Uharibifu haukuanzia kwao pekee, wala haukuishia kwao. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpasua mbao, na kazi yake naikumbuka vizuri. Gogo la mvule huvingirishwa juu ya shimo kwa miti na mabega. Uzi huchovywa katika unga mweusi wa betri za redio zilizokwisha, hukazwa kutoka ncha hadi ncha, kisha huvutwa na kuachiwa, pa! Mstari umekaa. Mmoja hupanda juu ya gogo kuuongoza msumeno, mwenzake huingia shimoni kuuvuta. Wa shimoni ndiye anayekula unga wa mbao, na unga wa mvule si mchezo: huwasha shingo, hukereketa koo, mtu akapiga chafya hadi usiku. Mjomba alikuwa mtu wa shimoni. Sikumsikia hata siku moja akiulaumu msitu kwa kupungua, na sikumsikia akijilaumu. Ilikuwa kazi, na watoto walikula.

Msumeno wa mkono huchukua mti mmoja mmoja. Mambo yalibadilika mashine zilipoingia. Katika miaka ya 1970 serikali ilitaka mbao nyingi, Finland ikasaidia, na magogo ya mtambara yakashushwa kwa malori hadi kiwanda cha Sikh Saw Mills mjini Tanga. Wanasayansi wakapiga kelele, kwa kuwa mtambara ni mti wa milima hii na majirani zake wachache tu. Kufikia mwaka 1987 uvunaji wa kibiashara ulikuwa umesimamishwa. Kisha Finland hiyo hiyo ikarudi na fedha za kuhifadhi. Wapo wanaoliona hilo kama unafiki. Mimi naona ni afadhali aliyerudi kuliko aliyekwenda zake.

Kule juu, Amani, Wajerumani walikuwa wamefungua kituo cha utafiti mwaka 1902, na bustani yake ikapokea miti kutoka pande zote za dunia. Mmoja, uliopandwa mwaka 1913, ni Maesopsis eminii, mti wa misitu ya Kongo na Uganda. Hondohondo wakazipenda mbegu zake, wakazisambaza wapendavyo. Penye msitu uliokatwa ukaota wenyewe kwa kasi, na hadi leo unaisonga miti ya asili.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, hekta 8,380. Sifa zikaenda juu tena. Huku chini, Longuza, penye msitu wa asili palishapandwa mitiki: miti mizuri, imenyooka, ina bei, ila haikuchukua nafasi ya mvule na mfune kwa viumbe waishio humo. Watu husahau kwamba hata lile ua la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya, Saintpaulia, Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipata mwaka 1892 akiwa mtawala wa Tanga, na sehemu mojawapo ilikuwa miamba ya chokaa yenye kivuli, msitu wa chini usio mbali na mji.

Na mto Zigi hupita huku huku, ukaingia bwawa la Mabayani, ndipo Tanga ikanywa.

Kwa hiyo ukifika Sigi, usikimbilie juu. Mwambie mtembeza wageni aanze na njia za pale pale, akuonyeshe mvule uliobaki, na alipwe vizuri kwa kazi hiyo.