Ramani na Mpaka wa Ruvuma katika Mafunzo ya Shule ya Msingi

Mafunzo ya ramani katika shule za msingi aghalabu huanza na vitu vilivyo mbele ya macho ya mtoto: chumba cha darasa, kisha uwanja wa shule, kisha kijiji. Njia hii ni njema, maana mtoto hupima kwa hatua zake mwenyewe kabla ya kufundishwa kipimo cha ramani. Lakini huko Mahurunga, katika Mkoa wa Mtwara, mchoro wa mtoto haukawii kufika mto Ruvuma, na hapo jiografia hukutana na historia.

Mwezi wa Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mto huo uwe mpaka wa nchi walizojitwalia. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kusini ya mto, na mpaka wa pwani ukashushwa hata nyuzi 10 na dakika 40 kusini ya Ikweta, karibu na Rasi Delgado. Mlango wa Ruvuma uko nyuzi 10 na dakika 28 hivi. Kwa kuwa kila dakika ni karibu kilomita 1.85, mwanafunzi aweza kupata kwa hesabu kwamba mstari ulisogezwa kiasi cha kilomita 22. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliiteka Kionga, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda yakawathibitishia. Mstari ukarudi mtoni. Mtu aliyekaa Kionga miaka yote hiyo alibadilishiwa dola mara mbili pasipo kuhama nyumba yake.

Habari hizi zaonyesha kasoro ya ramani nyingi za ukutani, ambazo huiacha nchi ya ng'ambo nyeupe, kana kwamba dunia imekoma mpakani. Wamakonde wako kaskazini ya Ruvuma, na wako kusini pia, katika Msumbiji. Mto wenyewe nao hautulii: mafuriko huleta mchanga, na mikoko huota palipokuwa maji.

Basi yampasa mwalimu awaagize wanafunzi wachore kingo zote mbili, waonyeshe kaskazini na kipimo, na kila mchoro wautie tarehe. Mtoto aliyezoea hivyo atatambua kwamba mto ni kazi ya maumbile, bali mpaka ni mapatano ya watu. Naye atakapoonyeshwa ramani yoyote atauliza ilichorwa lini, na nani, na kwa faida ya nani.