Kikuba na Mwaka wa Mwezi

Anayetaka kuelewa kwa nini wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, walipanda maua waliyoyapanda, aanze na kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi, Maulidi na harusi zinazopangwa kwa kuikwepa Ramadhani huhama msimu hadi msimu, zikarejea zilipoanzia baada ya miaka kama 33. Idi ya kizazi kimoja huangukia Mei, masika yameshamiri. Ya kizazi kingine huangukia Februari, kaskazi ikivuma na ardhi imekauka. Hata hivyo bibi harusi hana budi kunukia, na kikuba, kile kishada kidogo cha maua na majani yanayonukia ambacho wanawake hujipambia, sharti kipatikane. Naona sharti hilo ndilo lililochuja mimea: ua la msimu mmoja, lingenukia vipi, lisingeweza kuibeba mila hii.

Mwasumini, wenye asili ya upande wa Bara Hindi, huchanua kwenye machipukizi mapya. Ukipogolewa na kunyweshwa hutoa maua tena bila kungoja vuli. Mlangilangi wa kusini-mashariki mwa Asia huchanua karibu mwaka mzima, ingawa mvua humzidishia mwenye shamba mavuno. Mrehani hauhitaji hata kuchanua, maana harufu imo majanini. Marashi ya waridi na udi, vitu visivyonyauka, vililetwa na majahazi kwa kaskazi ile ile inayokausha bustani.

Atakayesema kwamba bahari ndiyo iliyochagua, wanawake wakapokea tu, atazame mkilua. Hicho ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na hakuna jahazi lililokileta. Watu wa pwani walikijua kwa harufu yake wakakipanda majumbani zamani, kabla Bernard Verdcourt hajakiandikia jenasi yake, Mkilua, mwaka 1970. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba nyumba za Mji wa Kale zimebanana, hazina bustani za kutosha. Kweli, lakini ng'ambo ya maji, upande wa Kisauni na Likoni, kulikuwa na mashamba. Wala ua halikuweza kutoka mbali zaidi: asumini huchumwa ingali tumba, ikatungwa mapema, ili ifunguke usiku huo huo ikiwa nyweleni mwa mwenyewe.