Barua ya 1976 na lebo inayofichua protini

Agosti 7, 2025 ilitimia miaka 50 tangu jarida la Nature lichapishe makala fupi kuhusu kutengeneza kingamwili, iliyoandikwa na Georges Köhler na César Milstein, watafiti wa maabara ya biolojia ya molekuli ya MRC (baraza la utafiti wa tiba) huko Cambridge, Uingereza. Wanaoikumbuka siku hiyo hutaja kwanza dawa za saratani na za baridi yabisi, na wana haki. Lakini urithi wao mwingine uko kwenye meza za maabara, na hauzungumzwi inavyostahili: lebo ndogo ambazo mtafiti huzibandika kwenye protini ili aweze kuiona.

Milstein alikuwa Muargentina. Aliiacha nchi yake baada ya mapinduzi ya 1962, wenzake walipotimuliwa kazini. Yeye na Köhler, kijana wa Kijerumani, walichukua seli za panya aliyechanjwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakaziunganisha na seli za saratani zisizokoma kuzaliana. Seli chotara zilizopatikana zilitoa kingamwili, yaani protini ya kinga inayotambua kitu fulani na kukishika, ya aina moja tu, tena bila kukoma. Kipimo cha haraka cha malaria tunachopimwa kwenye zahanati zetu kinategemea kingamwili za namna hii.

Kabla makala haijatoka, Milstein aliijulisha MRC kwamba huenda jambo hili likafaa kuwekewa hataza. Taarifa ikapelekwa kwa shirika la serikali lililoshughulikia uvumbuzi, NRDC. Jibu lilikuja Oktoba 1976: hawakuona matumizi ya karibu ya kibiashara. Hawakuona, ilhali makala yenyewe ilikuwa imemalizia kwa kusema kwamba seli hizo zingeweza kufaa katika tiba na viwandani! Wakati huo Milstein alikuwa akiwagawia seli zake watafiti waliomwomba. Miongoni mwa waliopata walikuwamo Hilary Koprowski na wenzake wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, ambao 1979 na 1980 walipewa hataza za Marekani za kingamwili dhidi ya uvimbe wa saratani na dhidi ya virusi vya mafua. Uingereza ikawaka moto. Margaret Thatcher, waziri mkuu aliyesomea kemia, alikasirika kwamba nchi imeachia mali yake ikaenda zake. Lawama zilizunguka kwa miaka, na hata Nobel waliyopewa Köhler na Milstein mwaka 1984 haikuzifuta.

Mimi naiona hasara hiyo kwa jicho lingine. Seli zilizogawiwa bure ndizo zilizoieneza kazi hii upesi kuliko hataza yoyote.

Mwaka huohuo wa 1984, katika maabara ileile, Sean Munro na Hugh Pelham walikuwa na tatizo. Walitaka kufuatilia protini ya hsp70 ya inzi wa matunda ndani ya seli za nyani. Seli hizo zina protini zake zinazofanana na hiyo, hivyo kingamwili ya kawaida ingeweza kuzichanganya. Wakaiongezea jeni ya hsp70 kipande kidogo, ili protini izaliwe ikiwa na mkia wa asidi amino chache kutoka dutu P, kemikali ya neva. Kingamwili inayoitambua dutu P ilikuwa imekwisha kutengenezwa 1979 na Claudio Cuello, Giovanni Galfrè na Milstein mwenyewe. Kama mfugaji anayetia chapa ng'ombe wake kabla ya kuwaachia kwenye malisho ya wengi, walijua iliyo yao.

Baada ya hapo lebo ziliongezeka. Myc, yenye asidi amino 10, inatambuliwa na kingamwili 9E10 iliyotangazwa 1985. HA, yenye 9, ilitolewa kwenye virusi vya mafua. FLAG, yenye 8, ilibuniwa na kampuni ya Immunex, nayo iliwekewa hataza. Njia ya kuziona ilikwisha kuwa tayari: mbinu ya kuhamishia protini kwenye karatasi maalumu na kuzipima kwa kingamwili ilikuwapo tangu 1979, kazi ya Harry Towbin na wenzake wa Basel.

Siku hizi kingamwili zinauzwa kwa maelfu, na hapo ndipo uzembe ulipoingia. Februari 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, waliandika katika Nature kwamba kingamwili mbovu zinapoteza fedha na kuharibu matokeo. Wakataka kila kingamwili ijulikane kwa mfuatano wa jeni zake. Bado zipo ripoti zinazosema tu kwamba kingamwili ilitumika, bila kutaja ni ipi. Anayetaka kurudia jaribio hilo aanzie wapi?

Kwa 9E10 swali hilo lina jibu. Seli zake chotara zimehifadhiwa katika benki ya seli ya Chuo Kikuu cha Iowa, iliyoanzishwa 1986 kwa fedha za umma, ambayo huuza kingamwili kwa bei ya kurudisha gharama tu.