Walipoyaweka Maji Kando

Mwaka 1870, mkemia Mfaransa aitwaye Royer alipitisha umeme katika maji yenye kaboni dioksidi, akapata asidi ya fomiki. Wazo la kuigeuza hewa ya ukaa kwa umeme ni kongwe, basi, kuliko hofu yetu ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa nini safari yake imekuwa ndefu kiasi hiki?

Sababu mojawapo ni maji yenyewe. Katika nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida, lita moja ya maji hubeba takriban gramu 1.5 tu za hewa hiyo. Isitoshe, umeme ukiingia majini huelekea kuzalisha hidrojeni, na mgeni aliyealikwa akabaki mlangoni.

Ndipo baadhi ya watafiti walipogeukia viyeyusho vya kikaboni, kama vile asetonitrili na dimethilifomamidi. Humo huyeyushwa chumvi maalumu ili umeme upite, na mchanganyiko huo ndio elektroliti. Viyeyusho hivi hubeba kaboni dioksidi mara kadhaa zaidi ya maji, wala havitoi hidrojeni kwa wepesi.

Mwaka 1977, Lamy, Nadjo na Savéant walipima, ndani ya dimethilifomamidi, nguvu inayohitajika kuipa molekuli moja ya kaboni dioksidi elektroni moja: takriban volti 2.2 upande wa hasi, ikilinganishwa na elektrodi ya kalomeli. Ni gharama kubwa, kwa sababu molekuli iliyonyooka hulazimika kupinda. Mwaka 1981, Amatore na Savéant wakaeleza yanayofuata. Molekuli mbili zilizopokea elektroni zikiungana, huzaliwa oksaleti. Moja ikiivamia kaboni dioksidi ambayo haijaguswa, hupatikana kaboni monoksidi na kaboneti. Na pakiwapo hata maji kidogo, hutokea fomati.

Hivyo kiyeyusho tulichokidhani chombo tu ndicho kilichoamua zao. Maji nayo, yaliyotolewa mlangoni, yakarudi kupitia dirishani. Mwaka 2012, Savéant na wenzake walionyesha kwamba kichocheo cha chuma ndani ya dimethilifomamidi hufanya kazi vizuri zaidi kikipachikwa vikundi vya kutoa protoni karibu na chuma chenyewe. Adui hakuwa protoni; tatizo lilikuwa wingi wake na mahali pake.

Mwenye hesabu za duka atauliza faida iko wapi. Viyeyusho hivi ni ghali, baadhi vina sumu, na vingi hutokana na mafuta na gesi asilia. Juhudi nyingi za kuipeleka teknolojia hii viwandani zimebaki majini, hasa baada ya Yoshio Hori na wenzake nchini Japani kuonyesha, katika miaka ya 1980, kwamba shaba huweza kuzalisha methani na ethilini humo.

Je, kazi ya Wafaransa ilipotea bure? La hasha. Pale maji yalipopungua, hatua moja moja za mmenyuko zilionekana, na leo hata wanaofanya kazi majini hufikiri kwa lugha ya hatua hizo. Kipimo cha 1977 hakikuwa bidhaa ya kupelekwa sokoni, bali msingi. Nasi tunaokaa katika vikao vya bajeti za vyuo vyetu, tukimuuliza kila mtafiti utafiti wake utauzwa lini, tujihoji: ni misingi mingapi tunaizuia isijengwe?