Mortification: wanaunguruma kama mashetani, wanamwimba Yesu

Leo nawaletea bendi ambayo ukiisikia bila kuambiwa lolote utaapa ni ya mashetani. Ni Mortification, wa Melbourne, Australia. Ukiwa kafe vaa hedfoni kwanza, la sivyo jirani atadhani kompyuta imeingiwa na virusi.

NI AKINA NANI?
Kiongozi ni Steve Rowe, mpiga besi na mwimbaji. Mwanzoni alikuwa na bendi ya Lightforce, iliyopiga hevi metali ya kawaida. Mwaka 1990 ikazaliwa Mortification. Albamu ya kwanza, ya 1991, aliipiga na Michael Carlisle kwenye gitaa na Jayson Sherlock kwenye dramu. Watu watatu tu, lakini kishindo kama lori linamwaga kokoto! Jina lenyewe maana yake ni kuufisha mwili, wazo lile lile la Warumi 8:13.

MUZIKI WENYEWE
Dethi metali ni metali ya kifo. Gitaa linalegezwa nyuzi mpaka linakuwa zito, dramu zinakimbia, na mwimbaji anaunguruma kutoka kooni. Bendi nyingi za aina hiyo huimba maiti na kuzimu. Hawa jamaa walichukua mngurumo ule ule wakautia Biblia. Albamu iliyowapa jina ni Scrolls of the Megilloth ya 1992. Megilloth ni Kiebrania, yaani magombo: Wayahudi huita hivyo vitabu vya Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta.

Sherlock aliondoka 1993. Mwaka 1994 akatoa Hellig Usvart kwa jina la Horde, vyombo vyote kapiga mwenyewe. Hiyo ilikuwa bleki metali, muziki uliojulikana kwa kumtukana Kristo, yeye akaugeuza kumsifu. Kwenye kava akajiita Anonymous, yaani asiye na jina.

KIFO KIKABISHA HODI
Mwaka 1996 Rowe aligundulika ana saratani ya damu. Akapandikizwa uboho, akapona. Mwaka 1998 bendi ikatoa Triumph of Mercy, yaani Ushindi wa Rehema, wimbo wenye jina hilo ukisimulia yaliyompata. Hapo ndipo mimi waliponikamata. Kuimba kifo ukiwa mzima ni rahisi, kila mtu anaweza. Kukiimba ukiwa umetoka kitandani ni habari nyingine.

JE, HAYA NI MAHUBIRI?
Wengine wanasema sauti ile ni ya kuzimu, basi hata maneno yakiwa mazuri hayasaidii. Sikubaliani nao. Gitaa halina dini, mwenye dini ni anayelipiga. Na Zaburi nazo zina vilio na hasira, hazikuandikwa na watu waliotabasamu muda wote.

Swali gumu ni hili: mahubiri yasiyosikika yana faida gani? Ukisikiliza tu hutoki na sentensi hata moja, lazima usome maneno pembeni. Mimi naona hiyo siyo hasara yote. Kuna kijana asiyekanyaga kanisani, anayevutwa na mngurumo, halafu anatafuta mwenyewe wanasema nini. Huyo kasoma kwa hiari yake.

Anayetaka kuwaonja aanze na ile ya 1992, kisha aruke hadi 1998 asikie tofauti. Albamu zao ziliendelea mpaka Realm of the Skelataur ya 2015.

Nawakilisha. Mwenye hoja, hasa watu wa kwaya, tiririkeni hapo chini, ila matusi hapana!